Raia wa Kwanza Kulindwa

Stahani ni nchi ya watu wenye adabu. Hilo limeandikwa kwenye katiba yao, ibara ya kwanza, na anayebisha anakamatwa kwa utovu wa adabu. Habari hii haimhusu mtu mwenye cheo. Inamhusu dobi mmoja wa mji wa Kidarajani, Mzee Hamduni Mkwizu, na binti yake Tunu, na serikali iliyowapenda wote wawili kadiri ilivyojua kupenda.

Mzee Hamduni alifiwa na mkewe Tunu akiwa darasa la tatu. Tangu hapo alimlea kwa pasi ya mkaa. Mji mzima ulipita chini ya pasi ile: mashati ya walimu, suruali za makarani, suti mbili za Mkuu wa Wilaya. Tunu alikua anapenda mpira, na kwa kuwa wavulana hawakumpa nafasi ya kucheza, akajifunza sheria zake zote mpaka wao ndio wakawa wanamfuata kumwuliza. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha ligi ya wilaya. Shati lake jeusi la urefa baba yake alilipiga pasi mara mbili, upande wa nje na upande wa ndani, ingawa wa ndani hakuna aliyeuona.

Mwaka huo akapangiwa fainali ya Kombe la Mkuu wa Wilaya. Ngome, timu ya Mkuu wa Wilaya, ilikuwa imelichukua kombe hilo miaka kumi na moja mfululizo. Ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa kila mtu, maana Mkuu wa Wilaya alikuwa akilikabidhi kombe kwa kapteni wake na kurudi nalo nyumbani kwenye gari lilelile. Safari hii Ngome walikutana na timu ya mafundi baiskeli. Dakika ya themanini na tisa, beki wa Ngome akaudaka mpira ndani ya eneo la hatari kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani kama mtu anayepokea kichanga. Tunu akapuliza filimbi, akaonyesha penalti.

Mafundi baiskeli wakashinda moja bila. Mkuu wa Wilaya akawakabidhi kombe kwa mkono wa kushoto, akiangalia pengine.

Ujumbe wa kwanza ulimfikia Tunu kabla hajavua viatu. Mwandishi alijiita Mzalendo Halisi. Wa pili alijiita Mlinzi wa Maadili, wa tatu Kijana wa Maombi. Walimweleza watakachomfanyia na njia watakayomsubiria. Mmoja alijua geti la kwao lina rangi gani. Simu nazo zikaanza, namba zilizofichwa, mchana kutwa, wengine wakitukana, wengine wakihema tu.

"Nani hao?" baba yake akauliza.

"Wahuni wa mjini tu, baba. Watachoka."

Mzee Hamduni hakuwa na macho ya kusoma maandishi madogo ya simu, akaamini.

*

Basi siku moja mtu asiyejulikana alisambaza mtandaoni picha ya mbuzi aliyevaa suti, amesinzia kwenye kiti cha Bunge. Chini ya picha hapakuandikwa kitu. Lakini Mheshimiwa Daktari Wilbadi Kitogo, Waziri wa Staha na Mawasiliano, aliitambua suti.

Bunge la Stahani, ambalo lilikuwa limetumia miaka sita kujadili bomba la maji la Kidarajani, lilipitisha Sheria ya Kuzuia Usumbufu Usio na Jina kwa siku mbili. Mbunge mmoja alilia wakati wa kuchangia hoja, na machozi yake yakaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Aliyechora mbuzi akakamatwa ndani ya saa nne, na aliyemwazima kompyuta, na shemeji yao aliyecheka.

Waziri akalihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi, asiye na jina ni adui asiye na anwani, na adui asiye na anwani hawezi kupelekewa hati ya wito. Serikali yenu sikivu imeliona hilo. Kuanzia leo hakuna mwananchi atakayesumbuliwa na mtu asiyejulikana. Tukisumbuliwa, tusumbuliwe na watu tunaowafahamu."

Mzee Hamduni alisikiliza amesimama, pasi mkononi. Kwa jinsi alivyoelewa yeye, serikali ilikuwa imemsikia mwanawe. Alivaa kanzu yake ya Idi, akamwambia Tunu avae vizuri, wakaenda.

Ofisi ya wilaya ilikuwa tayari imefungua Dawati la Usumbufu. Aliyekalia dawati hilo alikuwa kijana mpole aitwaye Revokatus, na kibao mbele yake kiliandikwa *Afisa Usumbufu wa Wilaya*. Aliwapokea kwa heshima zote. Alimwamkia mzee, akawavutia viti, akatoa fomu ya kurasa tisa.

"Jina kamili la mtuhumiwa," akasoma.

"Hatulijui," Tunu akasema. "Ndiyo maana tumekuja."

"Naandika 'Hatulijui'. Hilo ni jina lake au la ukoo?"

"Afisa, hajulikani. Hajataja jina."

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini fomu haikubali nafasi tupu." Akaandika *Hatulijui Hajulikani*. "Anwani anayoishi tutaijaza baadaye. Picha mbili za pasipoti za mtuhumiwa mtaleta lini?"

Mzee Hamduni akamtazama binti yake, akidhani labda yeye anazo.

"Haya, tutaziacha kiporo," Revokatus akasema. "Sasa tusome matusi."

Tunu akauliza kuyasoma vipi.

"Kwa sauti. Kifungu cha kumi na nne: tusi halihesabiki kuwa tusi mpaka lisomwe mbele ya mtumishi wa umma na shahidi mmoja. Mtumishi ni mimi. Shahidi atakuwa mzee."

Tunu akamgeukia baba yake. "Baba, toka nje mara moja, tafadhali."

"Akitoka hatuna shahidi," Revokatus akasema kwa masikitiko ya kweli.

Kwa hiyo Tunu akasoma. Zilikuwa jumbe sitini na tatu. Alizisoma kwa sauti moja tu, bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma majina ya abiria. Mzee Hamduni hakujua mahali pa kuweka macho. Akayaweka kwenye kola ya shati la Revokatus. Alilipiga pasi mwenyewe juzi yake, na sasa aliona mkunjo mdogo upande wa kulia. Akaukazania mkunjo ule, huku masikio yakisikia mambo ambayo hakuwahi kujua kwamba binadamu anaweza kuyafikiria juu ya mtoto wa mtu.

Mara mbili tatu afisa alimkatisha msomaji. "Hapo ameandika 'utajuta' au 'utajutia'? Kisheria kuna tofauti." Na tena: "Huyu anayesema 'kama mama yako', mama yako yupo?"

"Alifariki."

"Pole sana. Basi huo tunauondoa. Marehemu hasumbuliwi, kifungu cha ishirini." Akaukata kwa rula, vizuri, mstari umenyooka. "Zimebaki sitini na mbili."

Walipotoka walitembea mpaka sokoni. Mzee alitaka kumwambia mwanawe neno moja kubwa la kumfunika lote lile. Alilitafuta njia nzima.

"Umekunywa chai?" akauliza.

"Nimekunywa, baba." Walikuwa wamekunywa pamoja asubuhi ile.

*

Sheria ya Stahani ni ya haki, haimhukumu mtu bila kumsikiliza. Kwa kuwa Bwana Hatulijui Hajulikani hakuwa na anwani ya kupelekewa wito, wito ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa wilaya ili auone na ajitokeze mwenyewe. Pamoja nao zilibandikwa jumbe zote sitini na mbili, zimepewa namba, ili mtuhumiwa azitambue zake, na namba ya simu ya Tunu, ili ampigie mlalamikaji endapo anataka suluhu.

Watu walijaa ubaoni kuliko siku ya matokeo ya mitihani. Simu zilizokuwa arobaini kwa siku zikawa mia nne.

Tunu alirudi kwa Revokatus kuomba abadilishe laini.

"Haiwezekani," Revokatus akasema. "Laini sasa ni kielelezo. Isizimwe wala isipungue chaji, mpaka kesi iishe. Ukiitupa, ni miaka miwili."

"Na kesi inaanza lini?"

"Mtuhumiwa akijitokeza."

Jumamosi iliyofuata alichezesha mechi yake ya mwisho. Mashabiki hawakutukana, kwa maana sheria ilikuwa imekataza. Walitaja namba tu. Alipopuliza faulo, jukwaa zima likaitikia, "Kumi na saba," na kila mtu, pamoja na wachezaji, alijua kumi na saba inasemaje. Alipotoa kadi, wakaitikia, "Arobaini na moja." Tunu akachezesha mpaka dakika ya tisini, akaongeza tatu kufidia muda uliopotea, kama inavyotakiwa. Akarudi nyumbani, akampa baba yake shati jeusi.

"Hili usilipige pasi tena."

Baada ya hapo akaanza kupungua. Si mwili tu. Aliacha kuimba akiosha vyombo, kisha akaacha kujibu watu wakimsalimu barabarani, kwa sababu hakujua ni nani kati yao. Simu ikilia aliigeuza kifudifudi. Hata alipopiga yeye mwenyewe, kumwambia baba yake aliyekuwa kibandani pa pasi kwamba chakula tayari, sauti ilikuwa haitoki, na mzee akawa amejizoeza kutambua kuhema kwake na kujibu, "Haya mwanangu, nakuja."

Asubuhi moja, saa nne, akamkuta baba yake anapuliza mkaa. Alikuwa na begi moja.

"Naenda ng'ambo ya mpaka, baba."

"Mji gani?"

"Bora usiujue. Wakikuuliza usiwe na la kuficha." Akaweka simu ya kielelezo juu ya meza ya kupigia pasi. "Hii naiacha, nikivuka nayo watanifuata. Nitakupigia kwenye simu yako nikitulia. Namba nitaificha, maana wakiijua wataibandika. Nikikaa kimya usikate, baba."

"Sitakata."

Alitaka kumpa kitu cha njiani, na karibu hapakuwa na kitu ila nguo za watu. Akamkunjua ukosi wa blauzi uliokuwa umegeukia ndani, akaulaza kwa kiganja. Tunu akaondoka.

*

Simu ya kielelezo ikaendelea kulia mezani, na sheria ilitaka ipokewe. Mzee Hamduni akawa anaipokea katikati ya kazi.

"Mimi ni baba yake," alikuwa akisema.

Wengine walikata. Wengine waliendelea kana kwamba hawakusikia. Siku moja mtu alianza na tusi refu, aliposikia sauti ya mzee akasita, na adabu ya Stahani ikamshinda.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," Mzee Hamduni akajibu, kwa mazoea.

Kisha yule mtu akakohoa, akamalizia tusi lake, kwa haraka kidogo, akakata.

Mzee alibaki na simu sikioni. Sauti ile aliijua. Kila Ijumaa iliingia kibandani ikisema "Shikamoo, mzee" vilevile, ikileta mashati matano. Ilikuwa ya Mwalimu Kidunda, mwalimu wa uraia wa shule ya sekondari, mtu aliyempigia makofi Tunu siku alipopewa filimbi ya wilaya.

Alifunga kibanda mchana ule, kitu ambacho hakuwahi kufanya isipokuwa msibani, akaenda mbio kwa Revokatus.

"Nimepata jina," akasema, na pumzi zinamwishia. "Mmoja nimempata. Andika, mwanangu."

Revokatus aliandika jina, akalitazama, akaweka kalamu chini polepole.

"Mzee wangu, sasa umeharibu. Hii ni Sheria ya Kuzuia Usumbufu Usio na Jina. Huyu ana jina."

"Ndiyo. Nimekuletea."

"Akiwa na jina hatumo. Anayesumbuliwa na mtu anayemfahamu, hayo ni mahusiano."

Mzee Hamduni akakaa kwenye kiti kile alichokalia akisikiliza zile sitini na tatu. Revokatus, ambaye hakuwa mtu mbaya, akatafuta cha kumfariji.

"Lakini kuna jambo naweza kukufanyia. Wizara imeleta Mtambo wa Staha. Unasikiliza kila simu yenye namba iliyofichwa. Ukisikia mtu anahema bila kusema, unakata na kumzuia moja kwa moja, hata akija na namba nyingine unaitambua pumzi yake. Wanaingizwa waheshimiwa tu kwa sasa, ila wewe nimekuingiza kama ndugu wa mlalamikaji. Tayari nimeshabonyeza."

"Nitoe," Mzee Hamduni akasema. "Nitoe humo, mwanangu. Mimi nataka kupigiwa."

"Mamlaka ya kukutoa anayo Waziri," Revokatus akasema. "Sisi huku chini tunaweza kulinda tu."

Mzee aliandika barua tatu kwa Waziri. Akajibiwa mara tatu kwa barua ileile, ikimpongeza kwa kulindwa.

*

Simu yake mwenyewe ililia baada ya miezi mitano, siku ya Jumanne, jua la saa saba. Namba haikuonekana. Alipokea, na upande wa pili hapakuwa na maneno. Palikuwa na kuhema.

Alikujua kuhema kule. Akajua pia hana muda.

"Sema kitu, mwanangu," akasema. "Neno lolote, sema upesi." Kisha akaogopa kwamba anamtisha, akalainisha sauti. "Au basi, usiseme. Nitasema mimi. Paa la jikoni nimeliziba, halivuji tena. Kuku mweupe ametotoa saba. Mwalimu Kidunda nimemrudishia mashati yake, nimemwambia atafute dobi mwingine. Mimi mzima. Unakula? Wewe kula tu. Kama kuna—"

"Baba," Tunu akasema.

Pakalia mlio mmoja mrefu. Kisha sauti tamu ya mwanamke, ya kurekodiwa, ikasema: "Ndugu mwananchi, ulikuwa unasumbuliwa. Serikali imekulinda. Endelea na shughuli zako."

*

Lilikuwa tukio la kwanza la sheria ile kumlinda raia asiye mheshimiwa, na Waziri Kitogo alikuja Kidarajani mwenyewe kulisherehekea. Maturubai yalifungwa mbele ya ofisi ya wilaya. Bendi ya shule ilipiga. Mzee Hamduni aliketishwa mbele, karibu na Mkuu wa Wilaya, na Revokatus akamwinamia sikioni kabla mambo hayajaanza.

"Utaulizwa kama unamfahamu aliyepiga, mzee, nami nakueleza kama mwanao. Ukisema humfahamu, zuio linabaki. Ni la maisha. Ukisema unamfahamu na kumtaja, zuio litaondolewa, lakini aliyetajwa ataandikiwa hati ya kukamatwa. Tuna mkataba na nchi zote za jirani. Kupiga akiwa kimya ni miaka mitano. Kama kuna kielelezo alichokitelekeza, ni miwili zaidi. Sijui ni nani, na sitaki kujua."

Waziri akapanda jukwaani. Alizungumza juu ya maendeleo, juu ya staha, juu ya mbuzi bila kumtaja. Kisha akaamuru rekodi ichezwe ili wananchi wasikie jinsi uhalifu unavyofanyika. Spika kubwa zikatoa kuhema kwa Tunu juu ya mji mzima, halafu sauti ya mzee na habari za paa na kuku. Watu waliangua kicheko kwenye kuku. Mwalimu Kidunda, aliyekuwa na wanafunzi wake, aliinama kutafuta kitu chini. Halafu spika zikasema, "Baba."

"Mzee Mkwizu," Waziri akasema, "mbele ya umati huu, unamfahamu huyu anayekuita baba?"

Mzee Hamduni alisimama. Alitazama spika, ile ya kushoto, ambako neno lile lilitokea.

"Simfahamu, Mheshimiwa."

"Sauti yake hujawahi kuisikia?"

"Sijawahi."

"Wala huna mtoto wa kike anayeweza kuwa yeye?"

Upepo ulikuwa unapigapiga maturubai. Nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wamemwona Tunu akizaliwa, na hawakufungua mdomo. Huenda hilo ndilo jema pekee walilomfanyia.

"Sina," Mzee Hamduni akasema.

"Mmesikia, ndugu zangu," Waziri akawageukia watu. "Mtu asiyemfahamu kabisa anathubutu kumwita baba. Huu ndio usumbufu tunaoupiga vita." Wakapiga makofi. Mzee akapewa cheti chenye fremu, kilichoandikwa *Raia wa Kwanza Kulindwa*, akapigwa picha akiwa amekishika, na mpiga picha akamwomba mara mbili atabasamu.

Shughuli ilipokwisha, Revokatus alimsindikiza mpaka barabarani akimbebea cheti.

"Mwanangu," mzee akasema, "akipiga sasa, yule mtu, anasikia nini?"

"Anasikia tangazo zuri tu. 'Mtu unayempigia ameomba usimpigie tena. Tafadhali heshimu uamuzi wake.'"

"Nimeomba mimi?"

"Ndivyo tangazo linavyosema, mzee. Linafaa kwa wote."

Wakatembea hatua chache.

"Na ameshawahi kupiga tena? Mtambo unaonyesha?"

"Unaonyesha kila kitu." Revokatus alilisema jambo hili kwa furaha ya mtu anayempa mgonjwa majibu mazuri. "Jumanne ileile alijaribu mara kumi na tisa, akabadilisha mpaka namba. Zote tulizizuia. Jumatano mara sita. Alhamisi mara moja, alfajiri, akasikiliza tangazo mpaka mwisho. Tangu hapo hajapiga tena, na leo ni wiki ya tatu. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Ameelewa."

Mzee Hamduni alipokea cheti chake, akakiweka kwapani, akamshukuru afisa, kama inavyotakiwa katika nchi ile, akaenda zake.